Usukani uliokwama tangu 1996: historia ya Land Rover moja ya Katana

Katika kipindi chetu tuligusia kwa dakika chache habari ya Land Rover ya Katana. Dakika hazikutosha. Watu walituma ujumbe wakiuliza: je, kweli iligeuka? Wengine walituuliza kwa nini familia iliyorudi bila hata godoro ihangaike kwanza na chuma cha zamani. Leo ninawaandikia habari yote kwa utaratibu, kwani ndani yake mna mambo yanayoweza kumsaidia kila mtu aliyeacha motokari, kinu au pikipiki nyuma yake.

Katana iko katika eneo la Kabare, karibu na Ziwa Kivu, kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda Goma. Katika parseli moja kule, nyuma ya nyumba, chini ya mabati yaliyotoboka, kulikuwa Land Rover ya aina ya Series III. Baba wa familia, ambaye leo ni marehemu, alikuwa mnunuzi wa kahawa. Aliinunua katika miaka ya 80, ikiwa tayari imetumika. Mwezi wa 10 mwaka 1996, vita ilipokaribia, aliitoa magurudumu, akaiweka juu ya mawe, akaondoa delko na kuificha, kusudi mwenye silaha yeyote asiweze kuondoka nayo.

"Alituambia tutarudi kisha juma mbili," mama wa familia alinieleza. Walirudi kweli, lakini wakakimbia tena mwaka 1998, wakarudi, na kisha hapo wakakimbia mara ambazo mama mwenyewe hawezi tena kuzihesabu kwa vidole. Motokari ilibaki pale pale.

Waliporudi safari hii, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake. Bei yake ilikuwa kwa kilo. Kijana wa kwanza wa familia alitaka kukubali, kwa sababu feza ile ingetosha kununua mabati ya nyumba kabla ya mvua kubwa. Mama alikataa. Alisema motokari ikitembea italeta mihogo na maharagwe sokoni mwaka mzima, lakini ikiuzwa kwa kilo ni mabati mara moja, basi. Walibishana siku mbili. Mwishoni walipeana mwezi mmoja: kama usukani hautageuka katika mwezi huo, mwenye mizani aitwe.

Motokari iliyozaliwa kwa sababu chuma kilikosekana

Ili tuelewe kwa nini usukani ulikwama wakati milango na mabawa bado ni mazima, sherti turudi nyuma mpaka Uingereza, mwaka 1947. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha. Maurice Wilks, mkubwa wa uhandisi katika kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kwenye kisiwa cha Anglesey, huko Wales. Shambani alitumia Jeep iliyobaki kutoka jeshi la Marekani. Yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa kiongozi wa kampuni, wakaamua kuunda motokari ya shamba iliyo yao wenyewe.

Mfano wa kwanza ulikuwa na jambo la ajabu: volan yake iliwekwa katikati, kama ya trekta. Walifikiri kwamba kwa njia hiyo motokari moja ingeuzwa katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto na zile zinazoendesha upande wa kuume. Walipojaribu, waliona haifai, wakaacha. Tarehe 30 Aprili 1948, kwenye maonyesho ya Amsterdam, Land Rover ilionyeshwa kwa watu ikiwa na volan upande mmoja kama motokari nyingine.

Jambo la pili ndilo linalotugusa zaidi. Kisha vita, chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo huko Uingereza, lakini aluminiamu ilipatikana. Basi mabawa, milango na boneti viliundwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, na shasi ikabaki ya chuma. Kwa upande wa Ubelgiji, iliyotawala Kongo mpaka tarehe 30 Juni 1960, kiwanda cha Minerva cha Antwerp kilianza mwaka 1952 kuunda Land Rover kwa ruhusa ya Rover, kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Minerva walifanya kinyume: mabawa yao yalikuwa ya chuma.

Motokari ya Katana si ya Minerva. Series III iliundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, na ngozi yake ni ile ya aluminiamu. Aluminiamu haipati kutu kama chuma. Ndiyo maana mtu anayepita anaona motokari iliyochakaa rangi tu, anafikiri ni betri na mafuta ndivyo vinavyokosekana. Ugonjwa uko chini, ndani ya shasi, mahali ambapo jicho halifiki.

Kikombe kilichofichwa ndani ya shasi

Katika Land Rover za zamani, volan haizungumzi moja kwa moja na magurudumu. Volan inazungusha sanduku la usukani. Sanduku linasukuma fimbo ya kwanza kwenda mbele. Fimbo hiyo inashika mkono wa kifaa ambacho mafundi wetu wanakiita rele. Rele inageuka, na mkono wake wa chini unasukuma fimbo nyingine inayoelekea kwenye magurudumu.

Rele ni kama kikombe kirefu cha chuma kilichosimama wima ndani ya bomba la shasi, kule mbele karibu na radiateri. Katikati yake kuna mti wa chuma unaogeuka. Mti huo unabanwa na vipande vilivyoundwa kwa vitambaa vilivyogandishwa kwa gundi ngumu, na vipande hivyo vinasukumwa na springi yenye nguvu nyingi sana. Kazi ya springi ni kuufanya usukani uwe mzito kidogo, ili shimo la barabarani lisirudishe pigo mpaka mikononi mwa dereva. Vyote hivyo vinapaswa kuogelea ndani ya mafuta mazito.

Mafuta yakivuja na hakuna anayeongeza, maji yanaingia kwa juu. Kutu inaanza. Na kutu ina tabia moja: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula. Katika nafasi nyembamba iliyo kati ya mti na kikombe chake, au kati ya kikombe na bomba la shasi, kutu inavimba na kukaza pande zote kama kabari.

Hapo ndipo historia ya nchi yetu inaingia ndani ya kikombe hicho. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba makubwa ya wageni yapewe Wazairwa. Miaka iliyofuata, bei ya shaba ilianguka na feza za kigeni zikakosekana. Vipuri vya kutoka ng'ambo vikawa shida. Kila mtu alijifunza Artikle 15, ile sheria ambayo haiko katika kitabu chochote na inayosema: ujipange mwenyewe. Mafuta mazito ya buate, yaani ya sanduku la gia, yaliwekwa kwanza mahali ambapo bila hayo motokari inasimama. Rele haisimamishi motokari. Inavumilia. Basi ilisahauliwa.

Kisha ukaja uporaji wa Septemba 1991, wakimbizi wa mwaka 1994, na vita ya 1996. Wenye motokari walifanya kama baba huyu: walizifunga miguu ili zisiibwe. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba kazi ndiyo iliyoharibu usukani ule. Motokari inayotembea inazungusha mafuta yake yenyewe. Usukani wa Katana ulikwama kwa kusimama.

Kwanza kutafuta, kisha kupiga

Familia ilimwita fundi mmoja mzee kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Motokari haikuweza kuvutwa kwa kamba mpaka garaje, kwani magurudumu ya mbele yasiyogeuka yangeipeleka mtaroni. Basi fundi alikwenda Katana na sanduku lake na kijana anayemfundisha kazi.

Kijana wa familia alikuwa amekwisha kuning'inia kwenye volan kwa mikono miwili. Fundi alimsimamisha.

"Mwanangu, acha. Ukiishinda kwa nguvu, utavunja sanduku la usukani, na hilo ni zima."

"Sasa Mzee, tutajuaje mahali inapokwama?"

"Tutaachanisha viungo, kimoja kimoja. Kila kiungo kitajitetea chenyewe."

Viungo hivyo ni rotile, yaani vile vifundo vyenye kichwa cha mviringo vinavyounganisha fimbo na mikono. Mguu wa rotile ni mwembamba upande mmoja, umeingia kwa kukaza ndani ya tundu la mkono. Wengi wanaupiga kwa juu, na wanaharibu uzi wa skurubu. Fundi hakufanya hivyo. Alilegeza nati bila kuitoa kabisa, akaweka nyundo nzito upande mmoja wa tundu, na kwa nyundo nyingine akapiga upande wa pili. Tundu lilitikisika, rotile ikaachia kwa mlio mfupi. Nati iliyobaki ilizuia fimbo isimwangukie usoni.

Fimbo zilipoachana, majibu yalikuja yenyewe. Magurudumu ya mbele yaligeuka kwa mkono, ingawa kwa uzito. Volan nayo ilizunguka na sanduku lake. Mkono wa rele haukusogea hata unene wa ukucha. Mshitakiwa alipatikana. Fundi alipofungua tundu la kutilia mafuta, alichovya waya: ulitoka na maji ya rangi ya matofali.

Kwanza alipiga alama kwa patasi kwenye mikono ya rele na kwenye mti wake, ili vikirudishwa visikosee nafasi. Kisha alisugua kwa brosi ya chuma, akatoa maji, akamimina mchanganyiko wa mazutu na mafuta mepesi ya injini. Kila asubuhi na kila jioni, kijana wa familia alipewa kazi moja: kuongeza mchanganyiko na kupigapiga kuzunguka kikombe kwa nyundo ndogo. Si kwa hasira. Mtikisiko mdogo unaifungulia mafuta njia ndani ya kutu.

Siku ya kwanza hakuna. Siku ya tano hakuna. Mwenye mizani alipita barabarani, akasalimia, akaendelea. Kijana aliniambia kwamba siku ya saba alikaribia kuchukua nyundo ya kilo 5. Siku ya tisa, fundi alipoweka bomba refu juu ya mkono wa rele na kusukuma, ulisogea kidogo sana. Hakuendelea mbele. Aliurudisha nyuma, akaweka mafuta, akasukuma tena. Kidogo mbele, kidogo nyuma. Jioni mkono ulikuwa unafanya robo ya duara.

Springi inayoua

Familia yote ilipiga makofi. Kijana alitaka kufunga viungo na kujaribu motokari siku ile ile. Fundi alikataa, na hapa ninawaomba wasikilizaji msikie vizuri. Usukani uliokwama na kisha kulegea bado si usukani mzima. Ndani kuna kutu iliyovunjika vipande. Kipande kimoja kikikaa vibaya kwenye mteremko, dereva atageuza volan na motokari itaendelea moja kwa moja. Kwetu, ambako barabara nyingi zina mlima upande mmoja na korongo upande mwingine, kosa hilo ni kaburi la wote waliopanda.

Basi rele sherti itoke. Lakini kikombe chenyewe kilikuwa kimeshikana na bomba la shasi. Fundi alitoa boliti zake, akaweka krik chini yake na kipande cha bomba juu ya krik, akasukuma kuelekea juu mpaka mbele ya motokari ikaanza kuinuka. Motokari yenyewe ikawa mzigo wa kusukumia. Aliweka magogo chini ya shasi ili krik ikiteleza isimwangukie mtu, akaacha usiku kucha.

Asubuhi ilikuwa bado. Alikodi shalimo. Kabla ya kuwasha alitoa tangi la esanse na kulipeleka mbali, akamwaga mafuta yote ya rele, akaacha matundu yake wazi kwa sababu mvuke uliofungwa ndani ya chuma chenye moto unaweza kupasuka. Mchanga na ndoo ya maji vilikuwa karibu. Alichoma bomba la shasi kuzunguka, si kikombe. Chuma cha nje kikipata joto kinatanuka, na cha ndani bado ni baridi. Kisha nyundo ndogo tena. Mara ya tatu kikasikika kishindo, na rele ikaruka juu kama upana wa vidole viwili. Kisha hapo ilitoka taratibu.

Kulifungua hilo lilikuwa jambo la hatari kuliko yote. Springi ya ndani imekandamizwa kwa nguvu nyingi, na ukiutoa mti bila kujikinga, vyote vinaruka kama risasi. Fundi alinionyesha kidole chake kilichopinda: ni kumbukumbu ya rele ya kwanza aliyoifungua akiwa kijana, bila mtu wa kumwonya. Safari hii aliingiza rele ndani ya gunia mbili, akazifunga kwa kamba, akawaondoa watoto parselini, akaibana kwenye etau, na kusukuma mti akiwa amesimama pembeni. Tulisikia mlio. Gunia ya kwanza ilipasuka.

Ndani, vipande vya kitambaa kigumu vilikuwa vimepasuka, na mti ulikuwa umetobolewa na kutu sehemu ya juu, mahali ambapo maji yaliingilia. Vipande na mti vilipatikana Bukavu, kutoka Land Rover nyingine iliyokufa kwa injini. Vilikaguliwa kwanza, vikasuguliwa, vikafungwa na sili mpya. Kabla ya kurudisha rele, fundi alisafisha bomba la shasi na kulipaka grisi nene, "ili atakayefungua kisha miaka 30 asinilaani," alisema. Kisha akajaza mafuta mazito.

Kopo la maziwa

Kuna kitu kimoja mama alikikumbuka kazi ilipokaribia kwisha. Alichimba karibu na mti wa avoka, akatoa kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira wa gurudumu. Ndani mlikuwa delko, imezamishwa kwenye grisi. Ilikuwa safi. Baba alijua vizuri jinsi ya kulinda chuma. Alilinda kila alichoweza kukitoa. Rele hakuwa na muda wa kuifikiria, na ni nani ambaye angeifikiria asubuhi ile?

Siku ya 23, breki zikiwa zimetengenezwa, fundi aliendesha motokari ndani ya parseli, kisha kwenye njia ya kuelekea ziwani, mbele na nyuma, kulia na kushoto, akashuka, akakagua kila nati na pini. Ndipo alipompa kijana ufunguo. Kijana alizunguka nyumba mara mbili. Mama hakupanda. Alisimama mlangoni akiangalia magurudumu ya mbele yakigeuka. Bado nyumba inahitaji mabati, na mvua haingoji. Lakini gunia za kwanza za maharagwe zimekwisha kufika sokoni, na feza ya mabati imeanza kuwekwa.

Kwa ninyi mnaotusoma na motokari zenu zimebaki nyuma: kama kuna jirani au ndugu aliyebaki, mwombeni mambo matatu. Ageuze volan kutoka mwisho mpaka mwisho mara moja kila juma. Atie mafuta mazito kwenye rele na grisi kwenye viungo kabla ya mvua. Aweke motokari juu ya mbao au mawe, si juu ya udongo wenye maji. Na ninyi mnaorudi na kukuta usukani umekwama, msining'inie kwenye volan, na msifungue rele bila gunia na bila fundi. Tieni mafuta, pigapigeni kidogo kidogo, mngoje. Mwenye mizani hatakimbia.

Ni mimi mwandishi wenu, nikiwa Katana.